Kujiunga na wajenzi wa Django: mlango uko wapi, na kazi ya Kiswahili inayotungoja

Kijana wa Pwani anayejifunza kuunda tovuti siku hizi, awe Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa au chumbani kwao Majengo na bando la simu, hachelewi kukutana na jina Django. Anaishusha bure, anajengea mradi wake, anapata alama zake au malipo ya mteja wake, basi. Walio wengi hawajui kwamba programu hiyo haina mwenye duka. Inatengenezwa na watu wa kawaida kutoka nchi nyingi, msimbo wake wote uko hadharani, na yeyote anayeona kasoro ana ruhusa ya kuirekebisha na kuleta rekebisho lake. Sisi tumekuwa wateja wazuri wa programu za aina hii. Wajenzi, kwa ninavyoona, tumekuwa wachache mno.

Makala haya yanaeleza jinsi mtu anavyoingia katika ujenzi huo. Nimeichagua Django badala ya kuzungumzia programu huria kwa jumla kwa sababu taratibu zake zimeandikwa wazi, na kwa sababu ndani yake mna kazi ambayo mtu wa Berlin au San Francisco hawezi kuifanya vizuri kutushinda.

Kiunzi ni nini

Fundi wa vyombo hapigi mbao za ubavuni kabla ya kulaza mkuku na kusimamisha mataruma. Mataruma yakishasimama, umbo la chombo limeshajulikana, na kazi iliyobaki ina pa kushikia. Kiunzi cha programu ni hivyo hivyo. Karibu kila tovuti inahitaji mahali pa kuingilia kwa nenosiri, fomu za kujaza, hifadhidata ya kuweka kumbukumbu na ukurasa wa msimamizi. Badala ya kila mtu kuyaanza haya upya, kiunzi humpa yakiwa tayari, naye aongeze kilicho chake: ratiba ya boti, duka la mabuibui, orodha ya wagonjwa wa zahanati. Django ni kiunzi cha tovuti kilichoandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Python. Instagram ilijengwa juu yake.

Wasomaji wa habari watapenda kujua kwamba ilizaliwa katika gazeti. Mwaka 2003, Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakitengeneza tovuti za gazeti la Lawrence Journal-World, katika mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani. Mhariri akitaka ukurasa mpya leo, anautaka leo. Wakatenga zile sehemu walizokuwa wakizirudia kila mara, na hizo ndizo zikawa kiunzi. Julai 2005 kikatolewa kwa umma chini ya leseni ya BSD, kikapewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt (herufi D haitamkwi). Leseni hiyo inamruhusu mtu kuitumia programu, kuibadilisha na hata kuuza alichokijenga nacho, mradi asifute tangazo la hakimiliki. Tangu 2008 inaangaliwa na Django Software Foundation, shirika lisilo la faida la huko Marekani.

Nimeutaja mji huo makusudi. Mjini Lawrence hakuna makao makuu ya kampuni kubwa za teknolojia. Walikuwa watu wa gazeti la mji, na shida zao zilikuwa za gazeti la mji.

Nani anaamua

Mgeni hudhani kuna wakubwa waliofunga mlango. Zamani palikuwa na kundi rasmi la wajenzi wakuu wenye mamlaka ya kipekee. Mwaka 2020 kundi hilo lilivunjwa. Waliobaki na ufunguo wa kuingiza msimbo ni watu wachache ambao kazi yao ni kuunganisha kile ambacho wengine wamekwisha kikagua na kukubaliana nacho. Pamoja nao kuna wafanyakazi wanaolipwa na lile shirika, waitwao Fellows, wanaoshinda wakipitia kazi za watu wa kujitolea.

Mengine yote yako wazi kwa yeyote: kuthibitisha kwamba hitilafu iliyoripotiwa ni ya kweli, kukagua rekebisho la mwenzako, kusema kwamba liko tayari. Sharti ni kwamba kazi yako mwenyewe huiidhinishi wewe. Hakuna anayeuliza cheti, wala kabila, wala umesoma shule gani. Kwa kijana aliyezoea kuambiwa alete barua ya mtu anayemjua mtu, hili si jambo dogo.

Pa kuanzia

Wengi huanza kwa kutafuta msimbo wa kuandika. Mimi ningesema anza kwa kusoma tiketi. Hitilafu zote za Django zimeorodheshwa katika daftari la mtandaoni linaloendeshwa kwa programu iitwayo Trac, kila moja na nambari yake, na kila moja huitwa tiketi. Zipo zilizowekewa alama kwamba ni rahisi kwa mgeni. Hizo zinagombaniwa kama viti vya matatu saa kumi na moja jioni, na ukifika utakuta mwingine ameshakaa.

Kuna njia mbili ambazo hazina msongamano. Ya kwanza ni kuchukua tiketi mpya ambayo bado haijathibitishwa, ukajaribu kuizalisha hitilafu hiyo kwenye kompyuta yako. Ikitokea, andika umefanya nini na umeona nini. Isipotokea, andika hivyo pia. Hujagusa msimbo hata mstari mmoja, lakini umewaokolea watu saa kadhaa. Njia ya pili ni kutafuta tiketi iliyoanzwa kisha ikaachwa. Soma mazungumzo yote, muulize aliyeanza kama bado yumo, ukingoje siku chache, na ukiendelea na kazi yake mtaje. Rekebisho la namna hii mara nyingi limebakiza kitu kidogo tu, kwa mfano maelezo katika mwongozo.

Ukifika kwenye msimbo wenyewe, fikiria bando. Ukinakili Django pamoja na historia yake yote utashusha mzigo mkubwa. Amri ya git yenye nyongeza ya --depth 1 hukuletea hali ya sasa pekee, na kwa kuanzia inatosha. Baada ya hapo unaweza kufanya kazi bila mtandao kabisa. Mwongozo umo ndani ya nakala uliyoshusha, na majaribio ya Django, ambayo ni zaidi ya 10,000, huendeshwa kwenye kompyuta yako kwa hifadhidata ndogo ya SQLite isiyohitaji seva. Si lazima uyaendeshe yote kila mara. Endesha yale ya sehemu unayoishughulikia.

Utaratibu wa rekebisho ni huu. Kwanza unaandika jaribio linaloshindwa kwa sababu ya hitilafu ile. Kisha unarekebisha msimbo hadi jaribio lipite. Kama tabia ya programu imebadilika, unarekebisha na mwongozo. Msimbo hunyooshwa na programu iitwayo Black, kwa hiyo hakuna ugomvi wa nafasi na alama za nukuu. Maelezo ya badiliko lako huanza kwa neno la Kiingereza Fixed na nambari ya tiketi. Unaituma kazi kupitia GitHub, mashine zinaendesha majaribio yote, kisha unangoja binadamu.

Kungoja ndiko kunakowashinda watu. Wakaguzi ni wachache, na jibu linaweza kuchukua wiki. Likija, linaweza kuja na maoni kumi na tano. Kwetu mtu akikosolewa mbele ya watu huhesabu amevunjiwa heshima, na nadhani hapa ndipo vijana wengi wanapoachia. Lakini maoni kumi na tano maana yake ni kwamba mtu amekaa akaisoma kazi yako mstari kwa mstari. Kazi isiyothaminiwa haipati hata maoni mawili. Jibu kila oni, hata kama jibu ni "nimerekebisha". Salamu ndefu hazihitajiki, neno moja latosha, na huko watu huitana kwa majina yao ya kwanza bila ya "mheshimiwa". Kiingereza nacho kisikutishe. Wengi wa wanaosoma tiketi hizo nao wamejifunza Kiingereza shuleni kama sisi, na sentensi fupi huwafaa zaidi.

Mambo mawili ya kuepuka mwanzoni. Usije na wazo la kuongeza kitu kipya kikubwa. Mawazo hayo hujadiliwa kwanza, na mara nyingi utaambiwa ukitengeneze kando kama kifurushi cha ziada. La pili, ukigundua upenyo wa kiusalama, usiuandike kwenye tiketi ambapo wezi nao wanasoma. Mwongozo unaonyesha anwani ya barua pepe ya kuripoti kwa siri.

Kiswahili ndani ya Django

Django huzungumza na mtumiaji. Humwambia amekosea nenosiri, humuuliza kama ana hakika anataka kufuta, humwambia taarifa zake zimehifadhiwa. Maneno hayo yametafsiriwa kwa lugha nyingi, na Kiswahili kimo katika orodha hiyo. Ukiweka msimbo wa lugha kuwa sw, tovuti yako inaanza kusema Kiswahili bila wewe kutafsiri neno.

Tafsiri hukaa katika faili zenye sentensi mbili mbili: juu ya Kiingereza, chini ya Kiswahili. Sentensi ya chini ikiwa tupu, Django huonyesha ile ya Kiingereza. Na kwa kuwa matoleo mapya huongeza sentensi mpya, lugha ambayo watu wake wamelala hurudi nyuma pole pole: leo kitufe kimoja cha Kiingereza, kesho viwili. Mtumiaji anaona ukurasa wa chotara na kudhani Kiswahili ndicho kilichoshindwa.

Kazi hii haitaki mtu anayejua Python. Inataka mtu anayejua Kiswahili sawasawa, kwa sababu mitego yake ni ya ngeli. Chukua ujumbe ambao kwa Kiingereza huanza kwa jina la kitu, kisha husema kimeongezwa salama. Jina la kitu halijulikani mapema. Mahali pake pana alama kama %(name)s, na programu hulijaza wakati wa kutumika. Mwingereza hana shida, kitenzi chake hakibadiliki. Sisi je? Chombo kimeongezwa, nahodha ameongezwa, safari imeongezwa, jina limeongezwa, ukuta umeongezwa. Ukichagua "imeongezwa" kwa vyote, utapata "nahodha imeongezwa", na bibi yako atakucheka.

Mtafsiri wa mashine huanguka hapo hapo. Mswahili anaweza kutoka kwa kugeuza sentensi: "Umefanikiwa kuongeza" kisha jina. Kitenzi sasa kinamfuata anayesoma, na kitu kiwe cha ngeli yoyote hakitusumbui. Ndivyo ilivyo kwa kufuta, kubadilisha na kuhifadhi. Rekebisho la namna hii halihitaji msimbo, lahitaji sikio.

Nambari nazo zina mambo yake. Django ina maneno ya kueleza muda uliopita, na Kiingereza hutanguliza nambari. Kiswahili huiweka nyuma: mwaka 1, miaka 3, dakika 20. Faili la tafsiri linakuruhusu kuhamisha alama ya nambari na kuandika umoja na wingi mbalimbali, hata pale ambapo neno halibadiliki, kama siku. Saa ndiyo kigugumizi. Mtafsiri anaweza kuandika "adhuhuri" na "usiku wa manane", lakini tarakimu zitabaki za saa ya Kizungu, maana kuzipunguza saa sita ni kazi ya msimbo. Binafsi ningeziacha. Kila mtu hapa huona 7:00 kwenye simu na kusoma saa moja bila ya kufikiri.

Kuna mkasa mwingine ambao kila anayetumia Django kwa Kiswahili ameuona. Katika ukurasa wa msimamizi, Django hujitengenezea wingi kwa kuongeza herufi s mwishoni. Ukimwita kitu chako Chombo, orodha itaandikwa "Chombos". Nahodha atakuwa "Nahodhas". Hilo si kosa la tafsiri, na hulirekebisha mwenye tovuti mwenyewe kwa mstari mmoja, verbose_name_plural, akiandika "vyombo" au "manahodha". Nimeona tovuti za Kiswahili zilizoachwa na "Kitabus" mwaka mzima.

Kuna pia suala la msamiati. Nenosiri au nywila? Hifadhi au sevu? Menyu ya M-Pesa inasema "tuma pesa" na "toa pesa", na hakuna mtu anayehitaji kamusi. Huo ndio ungekuwa mwongozo wangu: neno ambalo mtu wa sokoni Kongowea atalielewa bila kuulizwa mara mbili. Ila kumbuka Kiswahili cha Django ni kimoja kwa nchi zote. Atakayekisoma Dodoma na Bujumbura ana haki nacho, kwa hiyo wenye kutafsiri hawana budi kukubaliana na kushikilia walichokubaliana. Njia hii imeshapitwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili, ukaiita Jambo.

Tafsiri za Django hazipiti kwenye tiketi wala GitHub. Zinafanyiwa kazi katika jukwaa liitwalo Transifex, ambako unafungua akaunti bure na kuomba kujiunga na kundi la Kiswahili. Kilicho nje ya jukwaa hilo ni faili za mpangilio wa tarehe na nambari, ambazo hupelekwa kama msimbo mwingine wowote. Na alama zile za %(name)s zisitafsiriwe wala zisifutwe. Ukiandika "jina" ndani yake, ukurasa utavunjika.

Pesa, na wenzako wa safari

Kazi hii hailipi, tuseme wazi. Mgeni hapati hata senti kwa rekebisho lake. Analopata ni jina lake katika historia ya msimbo, ambayo mwajiri yeyote duniani anaweza kuifungua na kuisoma, pamoja na mafunzo ya wakaguzi ambayo darasani huyapati. Kuna njia chache za kulipwa ukiwa bado unajifunza, kama Google Summer of Code, ambayo Django imeshiriki miaka mingi, na Outreachy, inayolipa wanagenzi katika miradi mbalimbali ya programu huria. Zote mbili huomba maombi kwa msimu na hazitozi ada. Mtu akikuambia umtumie pesa akuingize katika mradi huria, huyo ni tapeli, mpe mgongo.

Kwa asiyetaka kuanza peke yake, tangu 2023 kuna mpango wa kujitolea uitwao Djangonaut Space. Washiriki hugawanywa katika makundi madogo kwa muda wa wiki nane, wote kwa mtandao. Kila kundi lina rubani wa kuwaongoza katika msimbo na nahodha wa kuwatia moyo na kuuliza nani amekwama wapi. Majina hayo waliyachagua wenyewe huko, sikuyatia mimi. Na mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa haukufanyika mbali: ulikuwa Zanzibar, Novemba 2023. Makundi kama SwahiliPot hapa Mombasa yana meza na mtandao. Kikao cha Jumamosi cha watu watano na faili moja la tafsiri kingefanya kazi ya miezi.

Wala tusisingizie mtandao. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa, na sehemu kubwa ya intaneti ya nchi hii inapita kwenye ufuo wetu kabla ya kufika Nairobi.

Kwa anayetaka kuanza na tafsiri, kalenda ni muhimu. Django hutoa toleo jipya kila baada ya miezi minane hivi. Toleo la majaribio la mwisho likitangazwa, sentensi za Kiingereza hufungwa, watafsiri huitwa, na kati ya hapo na toleo kamili huwa kama wiki mbili. Tafsiri iliyokamilika kwenye Transifex ndani ya muda huo huingia. Iliyochelewa hungoja toleo linalofuata, na kwa muda huo wote mtu wa Lamu atakayefungua tovuti ataambiwa kwa Kiingereza kwamba nenosiri lake si sahihi. Kwa hiyo omba kujiunga na kundi mapema, maana ombi lenyewe linahitaji kukubaliwa na mratibu, naye pia ni mtu wa kujitolea mwenye kazi zake.